Kuhusu Shamba Letu la Kalembwe Lililofungwa Majani

Kwa Binti Ngoie Clémentine,
mwanangu wa pili,
nyumbani kwetu Kasungami.

Kusudi: kukuaga, na kuomba uamuzi wako juu ya shamba la Kalembwe.

Mwanangu,

Kwa heshima ambayo baba anaweza kumpa mtoto wake pasipo kumwonea haya, naja mbele yako kwa barua hii. Utashangaa, maana tunalala chini ya bati moja na ningeweza kukuambia yote kwa mdomo. Lakini wewe unaufahamu mdomo wangu. Hutangulia mbio, ukafika mahali pa mkutano, ukasema na kupigiwa makofi, na moyo ukafika jioni watu wakiwa wamekwisha kutawanyika. Kalamu hunilazimisha kuusubiri. Nimeketi nyuma ya nyumba, kwenye meza ileile ninayoibeba kila siku hadi mbele ya ofisi za komini ili kuwaandikia watu maombi yao, nawe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Kesho asubuhi lori la kwenda Mokambo litakuchukua pale barabarani, na litakushusha kwenye njia ya Kalembwe.

Sitaandika habari ya chandarua, wala ya maji ya kuchemsha, wala ya viatu vya mvua. Mama yako amekwisha kuyasema, na nimemsikia akiyarudia huku akifungua tena mzigo alioufunga mwenyewe. Mimi nina neno moja tu, na nitalitaja wazi tangu mwanzo, kama inavyopasa katika kila ombi lenye adabu.

Shamba langu la Kalembwe, lile la bondeni karibu na mto, limefungwa majani kwa jina la kaka yako Kasongo tangu alipokuwa mtoto. Halijalimwa hata mara moja. Wewe unakwenda kulima katika kijiji ambako baba yako ana udongo mweusi, laini, usiokauka hata mwezi wa nane, na hutaruhusiwa kuukanyaga, kwa sababu mimi ndimi niliyeufunga. Nataka jambo hili liishe. Nimeshindwa kulimaliza peke yangu. Kwa hiyo nitaeleza kwanza, kisha nitaomba.

Kalembwe unajua ilivyoanza, ila acha nikuandikie, uwe nayo mkononi. Babu yako alishuka kutoka kaskazini akiwa kijana, akafanya kazi ya reli mpaka nywele zikageuka rangi. Alipopewa pensheni hakutaka kurudi alikotoka, maana waliomjua huko walikuwa wamekwisha kuzikwa. Wala hakutaka kuzeekea katika nyumba ya kambi ambayo mwingine alikuwa akiingoja. Yeye na wenzake wachache wakaenda kumpigia magoti mwenye ardhi wa upande ule wa barabara, mtu wa kabila la Balamba, naye akawakatia kipande cha msitu. Kwa hiyo watu wanapocheka kwamba Kalembwe ni kijiji cha wazee, mimi huwajibu kwamba kilizaliwa hivyo. Kilizaliwa kikiwa na mvi, utoto ukakijia baadaye, tulipokua sisi na wadogo zetu. Nimekiona kikiwa na kelele. Nimekiona kikiwa na timu mbili za mpira na ugomvi juu ya nani atakayecheza mbele. Nakuandikia haya ili usidhani kwamba kimya utakachokikuta kule ndicho kilichokuwako siku zote.

Desturi ya kufunga majani tuliipokea kwa hao wenyeji. Kila mwaka mvua zinapokwisha, majani yakiwa bado mabichi na marefu, mtu huzunguka mpaka wa shamba lake akiyafunga fundo kwenye miti ya pembeni. Fundo linasema: hapa pana mwenyewe. Hakuna atakayelima pale, hata kama anakufa njaa mbele yake. Na fundo hilo hulifungua yule aliyelifunga, au yule ambaye limefungwa kwa jina lake, kwa mkono wake, mbele ya watu. Mwingine akilifungua ameiba. Ni desturi nzuri. Imezuia mapanga mengi. Lakini desturi nzuri ikiangukia mikononi mwa mtu anayependa kusema, huweza kugeuka kuwa ukuta.

Nilikuwa nimekaa mjini miaka kadhaa. Nilirudi Kalembwe kwa likizo, nikiwa na koti. Wazee walinikuta pale wakati wa shauri gumu: vijana waliobaki kijijini waliomba mashamba ya bondeni, ambayo mengi yalikuwa ya wana waliokwenda mijini. Wenye nguvu za kulima walikuwako pale pale, na udongo ulikuwako pale pale, na baina yao kulikuwa na mafundo ya majani. Wazee hawakujua la kufanya. Wakanigeukia mimi, wakasema, tumuulize Mwamba, yeye ni karani wa mjini, anajua maneno.

Ngoie, nilisimama. Nilikuwa na maneno tayari kabla ya kuwa na mawazo. Nikasema kwamba shamba la mtoto aliye mbali ni kama sahani ambayo mama ameifunika: hata akichelewa, hakuna nduguye anayenyoosha mkono. Wazee walitikisa vichwa. Mmoja alifuta machozi. Hakuna kitu kinachomlewesha mtu wa maneno kama chozi la mzee.

Ndipo kijana mmoja aliyeitwa Ilunga, aliyekuwa ameoa mwaka huohuo, akajibu akiwa amechuchumaa kule nyuma, bila kuomba ruhusa:

“Papa, sahani yenye kufunikwa siku mingi, ukifungua unakuta paka mende, mende tu.”

Wenzake walicheka sana. Hata wazee wawili walicheka, wakajifanya wanakohoa. Nami, badala ya kusikia kwamba kijana huyu amelitatua shauri lote, nilisikia tu kwamba amekatiza hotuba yangu. Nikamwambia kwa sauti ya ofisini kwamba mtu asiyejua kupanga maneno asiombe kupangiwa ardhi. Kicheko kikahamia upande wangu. Ilunga akaondoka akipangusa vumbi la kaptula yake, na wazee wakaamua kama nilivyosema. Siku hiyohiyo nilikwenda bondeni nikafunga majani kwa jina la Kasongo, ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nikarudi mjini nikijisifu kwamba nimewaachia wanangu urithi.

Vijana walipewa mashamba ng’ambo ya kilima, kwenye mawe. Kwenda tu kulikula asubuhi nzima. Walilima misimu michache, wakaona afadhali kukata miti na kuchoma makala ya kupikia, maana makala hayangoji mvua. Msitu uliposogea mbali, nao wakasogea. Wakaja huku mjini, wakaenda kwenye mashimo ya madini, wakaenda mpakani kubeba mizigo. Sisemi kwamba ni hotuba yangu iliyoumaliza ujana wa Kalembwe. Kuna vijiji vingi ambavyo sikuvihutubia, navyo viko hivyohivyo. Nasema tu kwamba mlango mmoja ulikuwa wazi, nami nikapita nikaufunga kwa majivuno.

Ilunga hakuondoka. Mama yake alikuwa amepofuka, na hapakuwa na wa kumshika mkono kwenda mtoni. Leo ana mvi, na pale kijijini bado wanamwita kijana, kwa sababu hakuna mwingine wa kupewa jina hilo. Kila kitu kizito ni chake: paa likianguka, aitwe kijana, mgonjwa akihitaji kupelekwa barabarani, aitwe kijana. Ana wana wawili wanaojua kulima kama yeye, nao walikwisha kusema wazi kwamba mvua za mwaka huu zikipita bila udongo wa maana, watakwenda mashimoni. Hilo unalijua kuliko mimi, maana uliambiwa wewe, mimi nililisikia kwa shangazi yako.

Na sasa nifike kwa shangazi yako Numbi, dada yangu mkubwa, ambaye utalala nyumbani kwake.

Mwishoni mwa mvua zilizopita tulikwenda kumwona, wewe na mimi. Nadhani ulidhani tunakwenda kula karanga mbichi na kunywa munkoyo. Asubuhi tulimkuta amejifunga kitenge kiunoni, anatoka na fimbo. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akanijibu kwamba anakwenda kazini. Kazi yenyewe ilikuwa hii: wenye mashamba ya bondeni wako mbali, na baba zao wamezeeka hawawezi tena kuzunguka mipaka, basi wamemwachia yeye kazi ya kuyafunga upya kwa niaba yao, ila haki ya kufungua imebaki kwao. Kwa hiyo mwanamke wa umri wake anashinda bondeni siku nyingi, akifunga majani ya huyu na ya yule, ili kulinda mashamba yasiyolimwa na mtu. Kisha jioni anarudi nyumbani kupika bukari ya unga ulionunuliwa Lubumbashi na kuletwa kwa lori. Nilikuwa nimempokea fimbo yake; nikamrudishia.

Wewe ulimfuata kumsaidia. Mnakumbuka wote wawili kilichotokea, lakini mimi niliyekuja nyuma yenu nilikisikia vizuri zaidi, kwa sababu hamkujua kwamba nipo. Mlifika kwenye shamba letu. Ukamuuliza:

“Shangazi, na hii tunamufungia nani?”

“Kaka yako Kasongo.”

“Kasongo? Kasongo ule mwenye kuogopa panzi?”

Shangazi yako alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Halafu akaacha kucheka. Alitazama mikono yake, akasema polepole: “Miye nilisha kuchoka kufungia bantu benye habarudie. Ule papa yako ananiletea sukari kila mwaka. Angeniletea muntu wa kufungua.”

Katika lori la kurudi uliutazama upande wa bonde mpaka ukapotea. Nilidhani umesahau kitu.

Jumapili iliyofuata, tukiwa mezani, ulisema unakwenda kuishi Kalembwe, wewe na rafiki yako Rosalie, mkalime pamoja na wana wa Ilunga. Ulisema kwamba mboga mnazomwagilia hapa Kasungami kwenye vitalu vya kuazima zinamea vizuri, lakini kila mwaka mwenye kiwanja anauza na mnahamishwa, hali kule kuna bonde lenye maji ambalo halina hata mtu wa kulitazama. Nami niligonga meza. Nilisema kwamba watu hupanda kutoka kijijini kuja mjini, hawashuki. Nilisema kwamba sikuhangaika kukusomesha ili ukazeeke kabla ya wakati wako. Mama yako, ambaye alikuwa anagawa mboga ya sombe, hakuinua hata macho. Alisema tu: “Weye unaandikiaka bantu barua kila siku. Huyu mutoto haombe barua. Anaomba baraka.”

Sikuitoa siku ile. Nataka ujue sababu, maana haikuwa ile niliyoitaja kwa kelele.

Nilipokuja mjini mara ya kwanza, niliwaambia watu wa Kalembwe kwamba mimi ni karani. Nilikuwa mbeba magunia sokoni. Nilibeba unga, nilibeba samaki wakavu, nilibeba saruji iliyonitoboa shingo. Koti lile wazee waliloliona lilikuwa la kuazima, la jirani ambaye mimi na yeye tulilivaa kwa zamu. Kusoma na kuandika vizuri nilijifundisha baadaye, kwa kunakili karatasi zilizofungiwa maandazi na matangazo yaliyobandikwa ukutani, kwa maana shuleni sikufika mbali. Kwa hiyo wakati wazee walipokuwa wananiita karani, na mimi nikasimama na kuhutubia, nilikuwa namhukumu Ilunga kwa ukarani nisiokuwa nao. Na baada ya hapo sikuweza kurudi kuishi kule. Kulikuwa na mwaka mmoja nilipougua, nikakosa kazi, na udongo ule mweusi ulikuwa unanisubiri. Ningerudi, ningelima, labda ungelizaliwa kule. Lakini karani harudi kulima. Uongo wangu ulinifungia njia kuliko fundo lolote.

Basi uliposema unakwenda, niliona aibu yangu inaamka. Nilisikia kama vile unakwenda kunianika. Hilo ndilo lililogonga meza.

Mambo mawili nimeyapata humo, nakupa. Kwanza, usiwaambie watu wa Kalembwe wala sisi wa hapa kwamba mambo ni mazuri kuliko yalivyo. Vitunguu vikioza, sema vimeoza. Pili, ukishindwa, rudi. Rudi mchana, kwa njia kubwa, na mzigo wako kichwani, upite mbele ya majirani wote. Mlango huu haukuulizi umeleta nini. Mimi sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu, na ningalimpa chochote mtu wa kuniambia.

Nikirudi kwenye habari yetu: nilipokwisha kupoa, nilifanya ninachokijua. Nikakuandikia ombi la kuwapelekea wazee wa Kalembwe, kurasa mbili, lenye heshima zote zinazostahili na nyingine za akiba. Ulisoma mpaka katikati ya ukurasa wa kwanza. Ukanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, ukasema: “Papa, hapa ba-nkambo batakuwa banalala.” Wazee, kwa hesabu yako, wangesinzia kabla sijamaliza salamu. Nilikasirika kwa muda wa siku nzima. Kisha nikapanda lori pamoja nawe, niende niwe shahidi wa kushindwa kwako.

Nimekaa katika mabaraza mengi, mwanangu. Nimeona maombi yaliyopambwa yakikataliwa na yaliyokosewa yakikubaliwa, na sikuwahi kujua kwa nini hadi siku ile. Ulisimama mbele ya wale wazee, wengine wamekaa kwenye viti, wengine kwenye mikeka kwa sababu ya miguu, na ukasema hivi, sijabadili neno:

“Ba-nkambo, mutupatie bonde kwa mvua tatu. Shiye tutalima, ninyi mutatuonyesha, na mavuno tutagawa. Tukishindwa, mutatufukuza.”

Basi. Ukakaa. Nilingoja uendelee. Mzee Kalenga, ambaye ndiye mkubwa wao sasa, na ambaye hajawahi kukubali jambo bila kulikwaruza kwanza, akakuuliza: “Na ukiolewa?”

“Nitaleta huyo bwana naye alime.”

Hata Ilunga alicheka, na Ilunga hacheki ovyo nikiwapo mimi. Mzee Kalenga alisema kwamba afadhali huyo bwana ajulishwe mapema. Halafu akainuka, akaomba mkono wa kumshika, akatelemka bondeni hatua kwa hatua na watu wote nyuma yake, akafungua mafundo ya shamba la mwanawe aliyeko Zambia. Hakutaka kusaidiwa. Baada yake wakafungua wazee wengine wawili. Wana wa Ilunga walisimama pembeni wakitazama mikono yao wenyewe kama watu waliopewa kitu wasichojua wakishikeje.

Kisha watu wote wakanigeukia mimi. Shamba letu liko katikati ya hayo matatu, ndilo linalopitiwa na maji. Bila hilo, mfereji mnaotaka kuuchimba utalazimika kuzunguka. Wewe peke yako hukunitazama. Ulikuwa unatazama mto.

Nami nikasema: nitafikiri.

Hukunilaumu, si njiani, si nyumbani, mpaka leo. Ndiyo sababu naandika. Ungenilaumu, ningejitetea kwa ufasaha, na mambo yangeishia hapo.

Sasa usikie kilichonizuia. Tuliporudi nilimpigia simu kaka yako kule Kolwezi. Nilimweleza yote, nikidhani atacheka na kusema achieni. Hakucheka. Akasema: “Papa, usifungue. Huku kila siku tunaingia ku shimo, na kila siku najiambia niko na fasi yangu kwetu. Ukifungua, miye nitarudi wapi?”

Nayajua maneno yale. Nilipokuwa nabeba magunia, nilikuwa nalala nikilifikiria bonde lile. Sikwenda kulilima, lakini lilinilaza usingizi. Shamba lisilolimwa nalo hulisha mtu fulani mahali fulani, kwa namna yake. Nisikufiche, Ngoie: kaka yako ana haki. Wana wa Ilunga wana haki, na yao ni ya zamani, maana mimi ndimi niliyemnyima baba yao. Na wewe una haki, ambayo mimi sikuifikiria kabisa. Nilifunga majani kwa jina la mwana wa kiume aliyekuwa mgongoni. Ulipozaliwa wewe, sikwenda kufunga chochote. Halikunijia akilini. Siku ile bondeni ndipo nilipojiuliza kwa mara ya kwanza: huyu nimemfungia wapi?

Unaokwenda kuishi nao uwajue hivi. Ilunga atakuwa mgumu kwako miezi ya kwanza. Usimlipe kwa heshima nyingi. Mlipe kwa kufika shambani kabla yake. Yeye ndiye mwenyeji, wewe ni mgeni mwenye jina la kijiji. Anajua ni wapi bonde hufurika na ni wapi huonekana limelowa hali chini ni mchanga. Wazee watakupenda haraka, na mapenzi yao yatakuchosha: watakutuma, watakusimulia, watakuita usiku kwa ajili ya kikohozi. Wahudumie, lakini usigeuke kuwa fimbo ya kila mtu, kama walivyomfanya Ilunga. Kijiji cha wazee kinaweza kumla kijana mmoja kwa upendo mtupu. Sema hapana mapema, ukiwa bado unaweza kuisema kwa tabasamu. Waambie wazi kwamba mmekuja kulima, na kwamba siku za kulima hamtumwi. Mzee Kalenga atanung’unika. Mwache, akinyamaza ndipo uogope.

Kuhusu upweke, sina la kukufundisha. Una Rosalie, na mna wana wa Ilunga, na nasikia mmoja wao anapiga gita vibaya. Huo ni mwanzo wa kelele.

Na baraka uliyoiomba Jumapili ile, ninakupa sasa, yote, bila sharti. Uende ukiwa umebarikiwa na baba yako. Ningetamani ungeisikia kwa sauti, na kesho nitajaribu. Lakini nikishindwa, nikaanza kukuonya juu ya viatu, ujue ilikwisha kuandikwa hapa.

Limebaki ombi.

Nimeandika maombi kwa wakubwa wengi kwa niaba ya watu wengi, na siku zote nilijua nani anaomba na nani anaamua. Safari hii nimeugeuza utaratibu, nami nimeugeuza kwa kusudi. Mara ya kwanza shamba lile liliamuliwa na mtu mwenye koti ambaye hangeishi pale. Safari hii naomba liamuliwe na mtu atakayeamka pale kesho kutwa.

Njia ninazoziona ni tatu. Majani yabaki kama yalivyo kwa jina la Kasongo, nanyi mzungushe mfereji. Au nifungue, na shamba liwe lako. Au nifungue, na liwe la wana wa Ilunga, kama malipo ya neno nililomwambia baba yao. Ukiona njia ya nne, mathalani ya kulima wote na kumwachia kaka yako pembe moja ya kurudia, nitaipokea hiyo pia. Sitakushawishi, nimejizuia kwa shida kubwa nisiandike ninayoipendelea, na nakusihi usiitafute kati ya mistari. Uamuzi ukiwa wako, lawama itakuwa yangu: nitampigia Kasongo mimi mwenyewe, nami nitamwambia kwamba ni mimi.

Usinijibu kesho asubuhi kwenye vumbi la lori. Nenda, kaa kwa shangazi yako, shuka bondeni na Ilunga, tazama. Kisha unijulishe kabla ya mvua za kwanza, kwa sababu fundo linafunguliwa kwa mkono wa aliyelifunga, na itanibidi nisafiri.

Nifungue, au niache? Na nikifungua, iwe kwa nani? Naomba uamuzi wako.

Mimi babako,
Mwamba Célestin
Kasungami